Usingizi wa pono na usingizi wa sindano

Huku Tanga ukilala sana unaambiwa una usingizi wa pono, na mi nilijua ni msemo tu mpaka mjomba wangu, mvuvi wa Sahare, aliponichukua usiku kuzamia na tochi. Tukamkuta pono kajibana kwenye mwamba, kajizungushia ute kama chandarua, mjomba akamgusa na kidole samaki wala hajashtuka. Tulipoibuka akaniambia, "Mwanangu, yule kalala kweli."

Hilo "kweli" lilinirudia mwaka jana bi mkubwa alipofanyiwa oparesheni akawa anachomwa mofini, dawa kali ya maumivu inayotokana na afyuni. Kutwa kafumba macho, sisi tunanyamazishana mama kalala, kesho yake anasema hajapata hata lepe la usingizi, mwili mzito kama kashinda shambani. Kumbe mofini inapunguza usingizi mzito, ule wa mawimbi makubwa ya polepole kwenye ubongo, na usingizi wa ndoto nao inaupunguza. Sisemi mgonjwa asichomwe jamani, maumivu nayo hayalazi mtu.

Ila nikawa najiuliza, ubongo una kazi gani na afyuni mpaka uwe na vipokezi vyake, yaani sehemu za kwenye seli inakonasa? Vipokezi vyenyewe wanasayansi Candace Pert na Solomon Snyder walivionyesha Marekani 1973, halafu 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz kule Aberdeen wakapata kwenye ubongo wa nguruwe peptidi mbili, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, matofali ya protini; zinaitwa enkefalini, kila moja asidi amino tano tu. Yaani kichwa kinajitengenezea afyuni yake, kinaitoa tone hapa tone pale na kuivunja fasta, wakati sindano inamwagika kote kwa mpigo. Na wanyama hawafanani, mbwa ukimpa mofini anasinzia, paka ukimzidishia anapagawa, paka huyohuyo anayeshinda kalala juu ya nyavu pale Sahare!

Kuna na watafiti wa Basel, Uswisi, walilaza sungura kwa umeme wa ubongoni, wakachukua damu inayotoka kichwani, na 1977 wakatangaza peptidi ya asidi amino tisa wakaipa jina la usingizi mzito. Wengine walipojaribu majibu yakapishana, na mi sishangai, usingizi hauwezi kuwa kitu kimoja cha kuchuja kwenye damu.

Bi mkubwa walimpunguzia dawa taratibu. Siku moja saa nane mchana nikasikia anakoroma, mdomo wazi, mkono umening'inia nje ya kitanda, nikaugusa, kimya. Shangazi akaja na uji anataka kumwamsha, nikamzuia mlangoni.