Tulivyoondoa soda getini: maji yalitangulia

Mwaka 2022 mwanangu, akiwa darasa la pili, aling'olewa magego mawili ya utotoni siku moja. Daktari wa meno aliniuliza, "Mama, huyu akiwa shuleni anakunywa nini?" Sikuwa na jibu. Kesho yake wakati wa mapumziko nikaenda kusimama getini, hapa Tanga mjini, nione mwenyewe. Soda, juisi za unga nyekundu na kijani, barafu za sukari. Mwenye shilingi mia mbili hakosi kitu kitamu. Maji ndiyo hayakuwepo: bomba la shule lilikuwa limekufa muda mrefu.

Niliomba nafasi kwenye kikao cha wazazi. Nilikwenda na chupa ya soda ya mililita 350, bakuli, sukari na kijiko cha chai. Lebo iliandikwa gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100. Nikapima mbele yao: vijiko tisa. Nikawaambia pia kwamba Shirika la Afya Duniani, tangu 2015, linashauri sukari ya kuongezwa pamoja na ile ya asali na juisi isizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula kwa siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita. Siku hiyohiyo tukapitisha: soda na juisi za sukari marufuku shuleni.

Marufuku ilidumu wiki mbili. Ilikuwa Februari, na anayeijua Tanga analijua joto la Februari. Watoto walikuwa na kiu, wakawa wananunua kupitia matundu ya uzio. Nilikasirika, halafu nikaona kosa ni letu. Tumewanyang'anya walichokuwa wanakunywa bila kuwapa cha kunywa. Baadaye nilisoma kwamba Mexico, ilipoanza Januari 2014 kutoza peso 1 kwa kila lita ya vinywaji vyenye sukari, wanaharakati wa huko walidai fedha hizo zipeleke maji ya kunywa mashuleni. Niliwaelewa vizuri sana.

Tukaanza upya. Wazazi walioweza walichanga, fundi akafufua bomba, tukaweka simtanki la lita 1,000 na ndoo yenye koki kila darasa. Maji yanatiwa dawa ya klorini asubuhi na mwalimu wa zamu, na kila mtoto anakuja na kikombe chake. Hili la dawa lilichukua muda, maana mwanzoni ilizidishwa na watoto wakalalamika harufu.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa bibi anayeuza getini. Nilimwendea jioni, nyumbani kwake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunifukuza?"

"Hapana bibi. Nimekuja tushauriane."

Akanionyesha daftari lake. Ada ya mjukuu wake chuoni inatoka kwenye zile juisi. Nilijua kwamba nikimtetea mwanangu kwa kumlaza njaa mjukuu wake, sitakuwa nimefanya haki. Tukapiga hesabu pamoja mpaka baada ya magharibi. Mwisho kamati ikakubali kumnunulia gunia la kwanza la machungwa ya Muheza, amenye na kuuza moja moja, pamoja na karanga na mihogo ya kuchemsha. Mwezi wa kwanza faida ilishuka. Wa tatu ilirudi ilipokuwa, kwa kuwa walimu nao walianza kununua.

Majumbani bado ni pagumu. Kwetu mgeni akipewa maji peke yake anahisi hakukaribishwa, na hata mimi mkono hunivuta dukani nikibishiwa hodi.

Ng'ambo ya barabara kuna duka lenye friji la soda, na kamati ya shule haina mamlaka huko. Bei ndiyo ingefika huko. Ushuru wetu wa soda unahesabiwa kwa lita, kwa hiyo soda yenye sukari tele na isiyo na sukari hata chembe hulipiwa sawa. Afrika Kusini tangu Aprili 2018 inatoza kwa kila gramu inayozidi 4 katika mililita 100, na watengenezaji wa huko wamepunguza sukari. Nimeandika barua kumwomba mbunge wetu aliulize hili bajeti ijayo ikifika bungeni. Wazazi 63 wameshatia saini, na bibi wa machungwa ametia kidole gumba.