Leso za mamangu: usiku wa kufuta zilizojirudia

Jumamosi.

Jedwali la leso (kanga) za mama, ninaloliweka kwenye SQLite, programu ya hifadhidata, limefika mistari 412, na sanduku la mama halina leso hizo zote. Sababu naijua: nyingine niliziandika mimi, nyingine zikaja na faili ya dadangu, na leso moja ikaingia mara mbili. Dada huweka mkato, mimi siweki. "Japo sipati, tamaa sikati" na "Japo sipati tamaa sikati" kwa SQLite ni majina mawili (jina la leso ni yale maneno yaliyoandikwa juu yake).

Nikaongeza safu ya jina_safi: herufi ndogo kwa lower, nafasi za pembeni kwa trim, mikato ikaondolewa kwa replace. Kisha BEGIN, ya kuanza kazi inayoweza kurudishwa nyuma, halafu amri ya kubakiza mstari mmoja tu kwa kila jina:

DELETE FROM leso WHERE id NOT IN (SELECT MIN(id) FROM leso GROUP BY jina_safi);

Mistari 81 ikaenda. Nikampelekea mama kompyuta kwa mbwembwe.

"Na ile ya zambarau niliyovaa harusi ya Malindi i wapi?"

Nikamwambia jina lake lipo, kwenye ile nyekundu.

"Ah, mwanangu! Jina moja ndiyo leso moja? Pindo hukuliona?"

Kweli. Pale Biashara Street, kwenye maduka ya leso, jina lile lile hutundikwa kwa rangi tatu nne, na miaka ikipita hurudi na pindo jingine kabisa. Mimi nilisoma maneno, nguo sikuitazama.

ROLLBACK, yaani yote yarudi kama yalivyokuwa. (COMMIT, ya kuthibitisha mabadiliko, sikuwa nimeandika, na faili nilikuwa nimeinakili kabla. Mimi ni mwoga wa DELETE.)

Safari hii GROUP BY, inayopanga mistari kwa makundi, ikachukua jina_safi, pindo na rangi ya mji (sehemu ya kati ya leso). Zimefutwa 46, zimebaki 366. Mama kapitisha, nikaandika COMMIT.

Jumapili.

Nimeweka indeksi ya UNIQUE, inayokataa mistari iliyojirudia, juu ya safu hizo tatu, nikaingiza tena faili ya dada kwa INSERT OR IGNORE (iliyojirudia irukwe), kujaribu tu. Leso 9 zikapenya! Zote pindo lao ni NULL, yaani halikuandikwa. Kumbe GROUP BY huziweka NULL zote kundi moja, lakini UNIQUE huiona kila NULL kuwa tofauti na mwenzake. Nikazifuta, nikaiunda upya indeksi kwa coalesce(pindo, ''), inayoigeuza NULL kuwa maandishi matupu. Haipenyi hata moja.

Ila sasa leso mbili za jina moja na rangi moja, zisizoandikwa pindo, zitagombana hata kama si moja. Itabidi sanduku lifunguliwe. Mama kasema baada ya Alasiri.