Kumbukumbu ya mradi wa mafuta ya kuchua: kuchagua mafuta ya msingi

Lengo la mradi ni mafuta ya kuchulia misuli, yaliyolowekewa tangawizi na mchaichai. Kabla ya kugusa mmea wowote, kazi ni kuamua mafuta ya msingi, kwa kuwa ndiyo yanayojaza chupa karibu yote. Mmea ukiwa bora kiasi gani, hauwezi kuokoa mafuta yaliyokwisha kuanza kuchacha.

Tunapima mambo mawili: mafuta yanateleza kwa muda gani kabla ngozi haijayanywa, na yanastahimili hewa kwa kiasi gani. Harufu inakuja baadaye. Umaarufu wa mafuta hauingii kabisa kwenye hesabu.

Ustahimilivu unategemea zaidi aina ya asidi za mafuta. Yenye asidi nyingi ya linoleiki, kama mafuta ya mbegu za zabibu (asilimia 70 hivi) na alizeti ya kawaida, ni mepesi na yanapendeza mkononi, lakini huchacha mapema. Yenye asidi nyingi ya oleiki hudumu zaidi: zeituni, lozi tamu, parachichi, na ile alizeti maalumu yenye oleiki nyingi. Kwa hiyo kwenye chupa ya alizeti soma lebo, maana hizo mbili zinafanana kwa macho. Zeituni tumeiacha kwa sababu harufu yake huufunika mchaichai. Lozi ni nzuri sana, ila haifai mafuta yakiwa ya watu usiowajua, kwa sababu wapo wenye mzio wa lozi. Ufuta nao una watu wenye mzio, kwa hiyo lazima uandikwe kwenye lebo.

Hata hivyo ufuta ndio tuliouchagua uwe nguzo. Una linoleiki ya kutosha, na kwa hesabu hiyo peke yake ungetarajiwa kuchacha haraka, lakini una vizuia-uoksidishaji vyake vya asili, yaani viambato vinavyozuia hewa kuyaharibu mafuta, vinavyoulinda. Unateleza kwa muda mrefu bila kunata. Sharti ni uwe umekamuliwa kutoka mbegu mbichi: rangi ya dhahabu hafifu, harufu ndogo. Ule wa kahawia unatokana na mbegu zilizokaangwa, na harufu yake haiondoki kwenye shuka.

Nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Ikizidi theluthi ya mchanganyiko, kwenye baridi utaona weupe kama wingu chupani, kisha chembechembe. Hayajaharibika, yapashe kwenye maji ya uvuguvugu yatarudi. Mafuta ya nyonyo ni mazito mno kutumika peke yake, mkono unakwama. Asilimia 10 inatosha kuyapa mafuta mengine uzito wa kukaa kwenye ngozi.

Mchanganyiko ulioamuliwa: ufuta ml 325, nazi ml 125, nyonyo ml 50. Jumla ml 500.

Jaribu kabla ya kuchanganya chote. Weka matone matatu ya kila mafuta nyuma ya mkono, mahali tofauti, sugua kwa kidole kimoja kimoja na uangalie ni wapi kidole kinaanza kukokota kwanza. Kisha pasha mafuta kidogo kati ya viganja, unuse. Mafuta yaliyochacha yakiwa baridi yanaweza kujificha. Yakipata joto la mkono harufu kama ya rangi ya kupakia kuta iliyozeeka inajitokeza. Nusa pia mdomo wa chupa kwenye nyuzi za kifuniko, maana utando mwembamba wa mafuta uliobaki pale hukutana na hewa na kuharibika kabla ya yaliyomo ndani.

Mimea: tangawizi kavu g 60, iliyopondwa vipande vidogo, na mchaichai mkavu g 40. Tangawizi ya unga tunaikwepa kwa sababu hupita kwenye kitambaa na kuacha tope. Ukavu ni jambo la lazima: jani livunjike, lisikunjike. Maji yakiingia kwenye mafuta ndiyo chanzo cha kuvu na harufu ya uchachu, na mitungi mingi hupotea hapo.

Weka mchanganyiko na mimea kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji, nyuzi 50 hadi 55, kwa saa nne, ukikoroga kila nusu saa. Usifunike, kwa sababu mvuke utaganda kwenye kifuniko na kudondokea ndani. Mimea yote izame. Ukiona inabadilika kuwa kahawia na kukakamaa, moto umezidi.

Chuja kwa melimeli. Yatakayotiririka yenyewe ndiyo ya kuweka. Yatakayotoka kwa kukamua huja na mashapo, yatengwe na yatumike kwanza. Acha yatulie usiku kucha, kisha mimina taratibu ukiacha tope chini. Mimea hunywa mafuta, kwa hiyo tarajia ml 400 hivi au pungufu. Kwa ml 400 ongeza vitamini E ml 2. Hiyo inachelewesha kuchacha tu, haiui vijidudu, kwa hiyo haimwokoi aliyetumia mmea mbichi.

Mafuta ya kunukia ni hiari. Ya mchaichai yana sitrali nyingi, inayoweza kuwasha ngozi. Tunaishia ml 2 kwa ml 400. Paka kidogo ndani ya kiwiko, subiri saa 24 uone kama ngozi inawasha.

Chupa iwe ya kioo cha kahawia, kavu kabisa, ijazwe karibu na shingo. Mafuta haya yasikutane na kondomu za mpira, kwani huzidhoofisha. Taulo zilizolowa zifuliwe kwa maji moto na sabuni mapema, zisirundikwe zikiwa na mafuta wala kutolewa kwenye mashine ya kukaushia na kukunjwa zikiwa bado moto: mafuta yanayooksidika hutoa joto, na rundo la taulo linaweza kushika moto lenyewe.

Kinachofuata ni mkupuo wa pili kwa alizeti ya oleiki nyingi badala ya ufuta, kwa vipimo vilevile, ili chupa mbili zikae rafu moja na kunuswa kila mwisho wa mwezi.