Tufe letu la magazeti hapa Tanga: tulipofika

Tufe letu la mfano wa dunia limekauka jamani! Puto, magazeti ya zamani na gundi ya unga wa ngano, watoto wa mtaani kwetu Chumbageni ndo wamelibandika lote, na wiki hii tumechora mistari: ikweta, Tropiki ya Kansa na Tropiki ya Kaprikoni kwenye nyuzi 23.5 kila upande, halafu duara za ncha kwenye 66.5.

Tochi, ndo jua letu, imefanya kazi kubwa kuliko maneno yangu. Ukimulika ikweta mwanga unatua kaduara kadogo kakali, ukiipandisha tochi bila kuigeuza mpaka kule nchani mwanga uleule unatanuka na kupauka, kwa sababu unaanguka kwa mshazari, kwenye eneo kubwa zaidi.

Sasa binti mmoja akaniuliza, anko, Lushoto si ndo juu karibu na jua, mbona kule wanavaa masweta? Swali hili nalipenda mno! Maana Tanga na Lushoto zote ziko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwenye tufe ni kanda moja kabisa, lakini mapeasi tunayokula huku yanashushwa kutoka kule milimani kwenye baridi. Nikawaambia jua liko mbali, kilomita kama milioni 150, na Lushoto imepanda mita kama 1,400 tu, kwa jua hiyo si kitu. Hewa inapashwa na ardhi, kutokea chini, na ikipanda inatanuka inapoa, kila mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6 hivi.

Kwa hiyo rangi za kanda za hali ya hewa hatupaki kwa kufuata mistari peke yake. Hata Wladimir Köppen, mtaalamu wa hali ya hewa ambaye kanda zake zinatumika mpaka leo, aliangalia mimea, basi na sisi kila mtoto anataja kinachoota mahali ndo tunachagua rangi: minazi na mkonge huku chini, mipeasi kwenye milima ya Usambara, kuliko na Lushoto, na kule Kilimanjaro juu kabisa, mita 5,895, nyeupe ya barafu. Milima tunaiinua kwa karatasi zilizolowekwa, kwa kipimo halisi isingeonekana kabisa ila nataka waiguse kwa vidole.

Kinachofuata ni kivuli. Kwenye tarehe 6 Oktoba jua linapita utosini hapa Tanga, tutasimika fimbo wima uwanjani, na mchana kwenye saa sita na dakika kumi hivi kivuli kinatakiwa kiishie miguuni mwa fimbo. Mwenye mwanawe amlete, kofia na maji ya kunywa asisahau.