Kikatyuni gitaa, kikakata uzi

Jamaa yangu wa Mombasa kaniazima kile kidude kinachotyuni gitaa chenyewe. Ni kama tochi ndogo yenye mdomo mbele, wauvika kwenye sikio la gitaa (kile kigingi cha kukazia uzi), wapiga uzi, mota ndani inazungusha mpaka sauti ikae. Wakichaji kwa USB kama simu. Niko nacho wiki mbili sasa hapa Lamu.

Raha yake kwanza. Mimi huwa natyuni kwa programu ya simu, na simu husikia kila kitu. Nikikaa barazani huku Langoni punda akalia, boti ikapita na injini yake, mshale wa kwenye skrini waruka kama umepandwa na pepo. Hiki makelele hakina habari nayo, chasikiza mtetemo unaopita kwenye sikio la gitaa lenyewe. Nyuzi sita, dakika moja hivi. Uzi wa tano kikaupeleka 110 Hz, yaani mitetemo 110 kwa sekunde, usiku kumetulia nikaupima na simu, havikupishana.

Sasa juzi. Tuko Shela twajiandaa kupiga kwa harusi, giza lishaingia, nikavika mdomo kwa sikio la uzi wa tatu huku kidole chapiga uzi wa pili. Maskini mashine! Yazungusha, yasikia sauti haijapanda, yazidi kuzungusha, nami napiga tu huku napiga domo na mtu wa kinanda... ta! Uzi wa tatu ukanichapa mkononi. Kosa langu, sikatai, lakini mkono ungeshahisi sikio linakuwa gumu ukaacha, mota haina huruma hiyo. Na Shela saa mbili usiku uzi utautoa wapi, nikapiga na nyuzi tano, kila kodi ya G (si ile ya serikali, ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) ikitoka na pengo.

Gibson wenyewe, wale watengenezaji magitaa, walitoa gitaa la kujityuni 2007, kisha modeli za 2015 karibu zote wakazitia mtambo kama huo, wateja wakalalamika mpaka basi. Siku ile niliwaelewa.

Ami yangu anapiga udi. Kuniona akacheka, "Yeo umekuya na fundi wako?" Akakichukua kile kidude, akajaribu kukivika kwenye sikio la udi wake, wapi, yale ni ya mti, marefu membamba, mdomo haushiki. Akanirudishia. Halafu akatyuni nyuzi zote kumi na moja huku aniuliza mamangu hajambo, na bei ya samaki, hata sikumuona akiinamisha kichwa kusikiza.

Jumapili nakirudisha kwa mwenyewe. Sijasema sitakinunua, kikishuka bei nitakuwa wa kwanza. Ila kwanza nitafute nyuzi mpya, hizi zangu upepo wa kusi umezila kwa chumvi zishaanza kutu, nikizityuni sasa hivi baada ya nyimbo mbili zishateremka tena.