Unga wa mahindi kwanza, baga baadaye: kumbukumbu ya jiko la klabu yetu

Wiki ya 1

Niliwaomba wanafunzi 24 wa klabu yetu ya Kiingereza wataje vyakula vya Wamarekani. Ubaoni yakaja majina manne: baga, piza, chipsi, soda. Mimi niliishi North Carolina miaka miwili, na mama aliyenipangisha chumba sikumwona akila baga zaidi ya mara chache. Jumapili mezani kwake palikuwa na mkate wa mahindi, sukuma iliyochemshwa mpaka ikalegea, na kunde. Siku ya kwanza kula pale machozi yalinilengalenga, kwa kuwa nilikuwa nimekwenda mbali kiasi kile na kukuta kunde.

Basi mradi ni huu. Kila Jumamosi mpaka shule ifungwe tunapika chakula kimoja cha Marekani, tunakila, kisha kila mtu anakiandikia ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Kila kitu kipatikane soko la Mgandini hapa Tanga. Nguruwe haingii jikoni, maana zaidi ya nusu yetu ni Waislamu. Na kabla ya kuwasha moto nauliza kama kuna anayedhurika na karanga, mayai au kamba.

Wiki ya 2

Mkate wa mahindi. Oveni hatuna, kwa hiyo tulitumia sufuria nzito juu ya jiko la mkaa. Wa kwanza uliungua chini, katikati mbichi. Mama anayepika chakula cha mchana cha shule alikuwa akitutazama tangu mwanzo. Akasema, “Mwalimu, hapo si unapika kama mkate wa kumimina? Mbona moto wote umeuweka chini? Palia.”

Tukapalia: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Ukatoka mzima, umepiga rangi ya kahawia. Nikawaeleza wanafunzi kwamba Wamarekani wa zamani walioka hivyohivyo, kwenye sufuria za chuma zenye mfuniko wa ukingo ili makaa yasidondoke.

Vipimo vilivyotufaa: vikombe viwili vya sembe, kimoja na nusu cha maziwa mgando, mayai mawili, vijiko vitatu vidogo vya beking pauda, nusu kijiko cha chumvi. Mafuta vijiko vinne vikubwa yanachemshwa kwanza ndani ya sufuria, halafu ndipo unamimina. Ukisikia rojo linachacharika likigusa mafuta, ukoko utakuwa mzuri.

Sukari ilizua mjadala. Huko Kusini mwa Marekani wapo wengi wanaosema mkate wa mahindi ukitiwa sukari umekuwa keki. Kaskazini wanautia bila wasiwasi. Tulipika sufuria ya pili yenye sukari, na darasa lote likahamia Kaskazini.

Wiki ya 3

Kunde na wali, pishi la Carolina liitwalo Hoppin' John, ambalo watu wengi wa Kusini hulila tarehe 1 Januari kuomba heri ya mwaka. Pembeni huwekwa sukuma, kwa kuwa majani yanafanana na noti za dola. Badala ya nyama ya nguruwe ya moshi tulitumia samaki mkavu.

Hapa nilikuwa mkali kidogo. Wasichana wawili walikuwa wameshakuna nazi. “Madam, kunde bila nazi zitalika kweli?” Nikakataa. Tukitia nazi tutakuwa tumepika chakula cha kwetu, na nilitaka waonje tofauti kwa ulimi wao wenyewe. Walikula, wakasema pamekosekana kitu, wakaandika kurasa nzuri kuliko wiki zote.

Nikawaambia pia kilichonifanya nichague kunde: asili yake ni Afrika, na zilivuka bahari pamoja na biashara ya watumwa. Ujuzi wa kilimo cha mpunga uliotajirisha mashamba ya Carolina nao kwa sehemu kubwa ulitoka kwa Waafrika waliouzwa kule. Darasa lilitulia. Mvulana mmoja aliuliza kama waliopika sahani ile mwanzo waliruhusiwa kuila. Tulikaa na swali hilo mpaka kengele ikalia.

Wiki ya 4

Mitihani ya majaribio. Hatukupika.

Wiki ya 5

Gumbo ya Louisiana, na hii ndiyo niliyoisubiri. Jina lenyewe linatokana na neno la bamia katika lugha za Kibantu za upande wa Angola, kama kingombo. Wanafunzi walilirudia wakicheka, maana masikioni mwao lilikuwa la nyumbani.

Kazi ni kukaanga unga wa ngano kwenye mafuta, moto mdogo, bila kuacha kukoroga, mpaka ugeuke rangi ya chokoleti. Ilituchukua dakika 40 kwa zamu. Ukiacha dakika moja unga unaungua, unaanza upya, nasi tulianza upya mara moja. Kisha vitunguu, pilipili hoho, bamia na kamba wabichi. Seleri sikuipata sokoni, na ladha yake niliikosa. Mbinu ya unga ni ya Kifaransa, bamia ni ya Afrika, na Wachoctaw, kabila la Wenyeji wa Amerika, walichangia unga wa majani ya mti wa sasafrasi wa kuzidishia mchuzi uzito. Sufuria haikubaki na kitu.

Wiki ya 6

Karanga tulizikaanga, tukazitwanga kwenye kinu mpaka zikatoa mafuta, tukapaka mkate pamoja na jamu ya embe. Rahisi mno. Kilichokuwa kitamu ni kusoma juu ya George Washington Carver, mtaalamu wa kilimo aliyezaliwa mtumwa, akafundisha chuo cha Tuskegee huko Alabama, na mwaka 1916 akatoa kijitabu cha njia 105 za kuandaa karanga kwa chakula cha watu.

Wiki ya 7

Baga, kama nilivyoahidi. Walifurahi, lakini kurasa zao zilikuwa fupi.

Kinachofuata

Jumamosi ijayo ni sukotashi, mahindi mabichi na maharage, neno walilolipokea Waingereza kutoka kwa Wanarragansett, kabila jingine la Wenyeji wa Amerika. Najua mtu wa kwanza atasema ni makande, na nimejiandaa kumwambia amepatia. Mahindi nimeagiza kutoka Lushoto.

Halafu Alhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga bei yake hatuiwezi; tutaoka kuku wawili, na boga lenye mdalasini, tangawizi na karafuu. Siku hiyo nitawasimulia mlo wa 1621 kule Plymouth, Massachusetts, walioula pamoja walowezi wa Kiingereza na Wawampanoag, wenyeji wa pale, na pia kwamba tangu 1970 kuna Wenyeji wa Amerika wanaokusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza. Mama wa jikoni ameshasema boga atalisimamia yeye, na nazi ataiacha nyumbani.