Nzi wa maembe niliyemwita mwenyeji

Msimu uliopita wa maembe, nikiwa shambani kwa mjomba huko Kilifi, nilifungua mtego wa nzi wa matunda na kutangaza, kwa kujiamini kupita kiasi, kwamba hao ni nzi wetu wa siku zote. Mama mmoja mtaalamu wa uainishaji wa wadudu, aliyekuwa amefuatana nasi, hakunibishia. Alimshika nzi mmoja kwa kibano, akanipa lenzi na kuniambia, "Tazama mabawa, mwanangu." Yalikuwa maangavu kama kioo, yenye ukingo mweusi upande wa mbele, ilhali mabawa ya nzi wa asili, Ceratitis cosyra, yana mabaka ya manjano na kahawia. Juu ya tumbo palikuwa na alama nyeusi mfano wa herufi T.

Huyo ni Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003. Wataalamu wenyewe walimwelezea mwaka 2005 kama spishi mpya, Bactrocera invadens, na ni mwaka 2015 ndipo ilipothibitishwa, baada ya kulinganisha maumbile, vinasaba na uzalianaji, kwamba ni yule yule wa Asia. Huo si ubishi wa majina matupu, kwani masharti ya kuuza maembe nje hutegemea jina la mdudu, na nyigu Fopius arisanus, adui wa asili wa nzi wa matunda, aliletwa kutoka Hawaii kwa sababu huko alikwisha kumdhibiti nzi huyo huyo.

Lebo ya chupa yangu ya sampuli niliibandua na kuiandika upya, mjomba akicheka.